Mstari wa Chaki ya Njano

Lori la kokoto liliingia uani saa tatu asubuhi likivuta kushoto, na Kaza akalijua kwa mlio kabla hajainua kichwa. Alikuwa amelipigia goti tairi la trekta, akilitwanga ukingoni kwa nyundo kubwa ili liachane na ringi. Alipiga mara tatu zaidi, kwa nguvu kuliko tairi lilivyotaka, ndipo akasimama.

Dereva wa lori lile alikuwa mume wa mdogo wake. Watu walimwita Tani Saba, kwa lori lake na kwa uzito wa mkono wake, na mwenyewe alilipenda jina kwa sababu zote mbili. Aliruka chini, akanyoosha mgongo, akasema "shemeji" kwa sauti ya mtu aliyeachana na mwenzake jana kwa kicheko. Matairi ya mbele yamekwisha, alisema, yameliwa upande wa ndani kana kwamba kuna panya humo, na usukani unampiga mikono mpaka mabegani. Kaza atoe hayo mawili, afunge mapya yaliyoko juu ya lori, ayapige balansi, anyooshe magurudumu, na asichelewe, kwa sababu saa saba ana mzigo machimboni.

Habari za mkewe hakuuliza.

Mkewe alikuwa nyumbani kwa Kaza, chumba cha nyuma, siku ya nane sasa. Alilala ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto haukulalika. Kichwani alikuwa na nyuzi tisa, kidole kimoja kimefungiwa kijiti, na sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ukimsemesha upande huo aliendelea kutazama ukuta. Hii ilikuwa mara ya nne. Mara ya kwanza wazee wa pande mbili walikaa, wakanywa chai, wakasema nyumba haikosi moshi, wakaondoka. Mara ya pili walikwenda kituoni, na askari wa zamu akataka kwanza kujua mwanamke alimjibu nini mumewe. Mara ya tatu hawakwenda popote. Mara hii Kaza alikuwa amemwambia mdogo wake kwamba harudi kule, basi, na mdogo wake alikuwa ameitikia kwa kichwa, kichwa chenyewe kinauma.

Sasa mume ndiye huyo, anatafuna kijiti cha meno chini ya bati, anauliza kama kuna maji ya kunywa.

Kaza aliingiza jeki chini ya ekseli, akapampu. Kazi ina faida moja, inamfunga mtu mdomo. Alivua magurudumu yote mawili, akayalaza, akayakanyaga, akayatwanga. Mpira ulilia. Mtaimbo uliteleza ukamchuna kifundo cha mkono, damu ikatoka, akaipangusa kwenye suruali akaendelea. Alivalisha matairi mapya, akayajaza upepo mpaka yakadunda pa, pa, kukaa kwenye ringi, akayasukuma kwa mzee wa balansi.

Mzee huyo walimwita Risasi, kwa vile vipande vya risasi anavyobandika ukingoni mwa ringi ili gurudumu lisitetemeke. Alikuwa pale tangu enzi za marehemu baba yao, mwembamba, mwenye mdomo usiokaa na njaa ya maneno. Alizungusha magurudumu kwenye mashine yake, akagonga risasi zake hapa na pale, kisha akachuchumaa chini ya pua ya lori na kumulika kwa tochi. Alipaza sauti kwamba mkono wa usukani umepinda, ndiyo maana matairi yanaliwa. Akauliza lori liligonga nini.

Tani Saba alijibu kwamba lilipiga shimo.

"Ah," Risasi alisema kutoka chini ya lori. "Wewe kwa kupiga, hujambo."

Dereva wa teksi, aliyekuwa amekalia tairi bovu akisubiri tairi lake la akiba lizibwe pancha, alicheka kabla hajafikiri. Tani Saba hakucheka. Alimvuta mzee kwa mguu mmoja kutoka chini ya lori, kama mtu anavyovuta gunia, akamwinua kwa ukosi wa shati, akamzaba kofi, na alipoanguka akamzaba la pili huko huko chini. Meno ya bandia yalitoka yakaangukia kwenye mafuta. Kisha alinyoosha shati lake mwenyewe, akamwambia Kaza afundishe wazee wake adabu, la sivyo yeye atawafundisha mmoja mmoja kuanzia nyumbani.

Risasi aliyaokota meno yake, akayasuuza kwenye ndoo ya kupimia pancha, akayarudisha. Hakumtazama mtu. Na Kaza, akiwa ameshika spana, alihisi kitu ndani yake kikigeuka taratibu na kuachia, na baada ya hapo mikono yake ikatulia kabisa, ikawa mikono ya mtu aliyelala vizuri.

Waliufungua mkono wa usukani, wakaupasha moto, wakaunyoosha kwenye fuawe kwa nyundo, wakaurudisha. Wakafunga magurudumu, Kaza akazikaza nati zote, lori likashushwa. Akavuta kamba zake mbili pembeni mwa lori kutoka nyuma hadi mbele, akapima kwa rula ya chuma, akarekebisha, akapima tena. Magurudumu yakanyooka. Risasi aliitikia kwa kichwa, shavu limevimba. Tani Saba alikuwa ukutani na simu sikioni, akiongea chini chini, akitabasamu.

Ikabaki kurudia nati, na chaki.

Pale uani palikuwa na desturi moja, na ndiyo iliyowajengea jina. Marehemu baba yao aliianza siku alipokuwa na jeki moja na pampu ya mguu. Kila nati iliyokazwa mara ya pili, gari likiwa limekanyaga chini, inapigwa mstari wa chaki ya njano. Mstari unaanzia juu ya nati, unashuka, unavuka mpaka kwenye ringi. Nati ikizunguka hata unywele, mstari unakatika, nusu huku nusu kule, na dereva anauona kwa kupita tu. Baba aliwafundisha watoto wake wote wawili, wa kiume na wa kike, na aliyeukomesha mstari kwenye nati bila kuuvusha alikula kofi la kisogo na neno moja, "Hujamaliza." Madereva wa barabara nzima waliijua njano ile. Hawakuuliza maswali. Waliiona, wakapanda, wakaenda zao na wake zao na watoto wao.

Kaza alirudia gurudumu la kushoto. Nati nane, kwa kukingamanisha, juu kisha chini, kulia kisha kushoto. Akachora mistari minane, ikavuka yote.

Akazunguka upande wa kulia, upande wa dereva. Aliiweka spana kwenye nati ya kwanza, akachomeka lile bomba la urefu wa mtu linaloongeza nguvu, akaegemea. Kwa mtu aliye mbali, anayekaza na anayelegeza wanafanana. Mgongo ni ule ule, pumzi ni ile ile. Alifungua mzunguko mmoja na nusu. Akaenda ya pili. Alifikiria mteremko wa machimboni, ule wa kona tatu na ukingo usio na ukuta. Lori likishuka tupu litatetemeka, atadhani ni barabara. Kona ya kwanza atapita. Ya pili, labda. Alifungua ya tatu, ya nne, mpaka ya nane, akazisogeza kwa vidole zikae kama zilizokazwa. Kisha akatoa chaki mfukoni.

Hapo mkono ulimkatalia. Alichora juu ya nati, akashuka, na ilipofika ringi mkono ukasimama wenyewe kama punda. Alijaribu ya pili, ikawa hivyo hivyo. Akaacha. Mistari minane mifupi ya njano, kila mmoja umeishia kwenye nati. Tani Saba alikuja, akainama, akaona njano, akapiga kofi juu ya bodi ya lori kwamba mambo safi.

Mdogo wake aliingia getini wakati huo huo.

Alikuwa amefunga kitambaa kuficha nyuzi, na mkoba wa nguo begani, ule aliokuja nao siku nane nyuma. Kaza alimwona, akageuka kumtazama Tani Saba na ile simu yake, akaelewa ilikuwa inaongea na nani.

Alimwendea haraka, upande unaosikia, akamuuliza anakwenda wapi. Mdogo wake alisema anarudi kwake. Kaza akasema walishakubaliana. Alisema ndiyo, walikubaliana, na sasa anarudi. Sauti yake ilikuwa tambarare. Alimpita kaka yake, akazunguka mbele ya lori, akapita karibu na gurudumu la kulia, akasimama pale kidogo kupanga kitambaa chake, kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda na kuweka mkoba mapajani.

Kaza alimwambia Tani Saba asubiri, gurudumu moja anataka kulipima balansi upya, dakika kumi. Tani Saba alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Akamwambia aache ujanja wa kitoto. Mke ni wake, lori ni lake, na balansi ameshalipia. Kaza akasema basi dada ashuke, ale kwanza, atampeleka yeye mwenyewe jioni. Tani Saba akacheka, akatia moto.

Kaza alitazama juu, kwenye dirisha la abiria. Mdogo wake alikuwa anatazama mbele, kwenye barabara, na uso wake haukuwa na kitu.

Kuna neno moja tu lililobaki la kulisimamisha lori lile, na Kaza alijua litagharimu nini. Uani kulikuwa na dereva wa teksi, kulikuwa na mwenye trekta, kulikuwa na Risasi aliyefanya kazi na baba yake miaka ishirini na sita. Neno hilo likishatoka, hakuna dereva atakayeiamini njano ile tena, si yake, si ya marehemu. Lori lilikuwa linatembea. Lilikuwa limefika katikati ya geti.

Alikimbia akasimama mbele yake. Tani Saba hakusimama. Alimsukuma kwa bampa, polepole, kwa mzaha, hatua moja, mbili, tatu, Kaza akirudi nyuma ameshika chuma kwa mikono miwili. Kisigino kilijikwaa akaanguka chali. Alipoona tairi linakuja kwenye miguu yake, aliichomoa spana kiunoni, akairusha ikapasua kioo cha mbele.

Lori likasimama.

"Zima," Kaza alisema akiwa chini. "Gurudumu la kulia nimelifungua."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kila mtu uani alimsikia. Tani Saba alishuka na vipande vya kioo kwenye nywele. Alikwenda mpaka kwenye gurudumu, akashika nati kwa vidole viwili, akaizungusha. Ilizunguka kama kizibo cha chupa. Akaijaribu ya pili.

"Chaki umepiga," alisema.

"Nimepiga."

"Ulitaka kuniua, shemeji."

"Ndiyo."

Tani Saba aliokota mtaimbo.

Pigo la kwanza Kaza alilikinga kwa mkono wa kulia, na mkono ukavunjika kwa sauti aliyoisikia wazi, kama ubao. La pili lilimpata mbavuni. Alijikunja, akajaribu kutambaa chini ya lori, akavutwa kwa mkanda wa suruali. Tani Saba alimkanyaga kiganja, kile cha mkono uliovunjika, akakisaga kwa kisigino cha buti, vidole vile vile vilivyoshika chaki, akimwuliza taratibu kama ni hiki, ni hiki ndicho kilichochora. Risasi alimrukia mgongoni akatupwa kwenye rundo la ringi. Dereva wa teksi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kaza aliuona mtaimbo ukipanda juu, mweusi, na nyuma yake anga, akajua ule unakuja kichwani.

Haukufika. Kulikuwa na mlio mzito, na goti la Tani Saba likakunjika upande ambao magoti hayakunjiki.

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ameshika lile bomba la kuongezea spana. Hakupiga kelele. Alimwacha aanguke, akamzunguka upande mwingine, akapima, akampiga kwenye mkono ulioshika mtaimbo. Mtaimbo ulidondoka. Tani Saba akaanza kumwita kwa jina lake la utotoni, jina la kubembeleza, na hapo ndipo alipompiga la tatu, begani, na la nne, pale pale, na kitambaa kikamfunguka, nyuzi tisa zikawa nje juani. Bomba lilipanda mara ya tano. Sasa alikuwa analenga kichwa, kila mtu aliona.

Risasi alimkumbatia kutoka nyuma, yeye na bomba lake, damu ikimtoka puani. "Inatosha, mwanangu," alimwambia. Alimwambia kwenye sikio lililokufa, kwa hiyo haikusaidia; ilibidi amshikilie tu mpaka mikono ichoke yenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utulivu wa ajabu, kama baada ya mvua ya mawe. Tani Saba alikuwa hai na anatapika. Mwenye trekta na Risasi walimpakia kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Dereva wa teksi alifunga mlango, akachukua ufunguo, akasita. Kisha akafungua buti la gari, akatoa spana yake mwenyewe, akapiga goti kwenye gurudumu lake, moja kati ya yale manne ambayo Kaza alimfungia wiki iliyopita, lenye njano safi iliyovuka mpaka kwenye ringi. Akajaribu nati moja moja. Zote zilikuwa ngumu. Akaenda la pili, la tatu, la nne, majeruhi akilia ndani. Alipomaliza aliifuta ile njano kwa soli ya kiatu, gurudumu hadi gurudumu, akaondoka bila kuaga.

Kaza alimtazama akiwa ameegemea tairi la lori. Mkono ulikuwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alimwambia mdogo wake amsamehe, hakujua kwamba angepanda. Angejua, asingegusa nati hata moja.

Mdogo wake alikuwa anafunga kitambaa upya. Alisema mumewe alimpigia simu asubuhi ile, akamwambia kwamba asipokuja kupanda lori kwa miguu yake, atarudi na dumu la petroli, amchome kaka yake na mipira yake yote. Kwa hiyo alikuja.

Kaza akasema laiti angemwambia.

"Niliuona mstari wako," mdogo wake alisema. "Haukuvuka. Hata mmoja."

Kaza alimkumbuka amesimama kwenye gurudumu la kulia, anapanga kitambaa ambacho hakikuhitaji kupangwa.

"Ulijua. Na ukapanda."

"Nilihesabu zote nane. Nikasema basi. Wewe utabaki, na yeye atakwenda na mimi."

Siku nane Kaza alikuwa amempelekea uji chumba cha nyuma, akadhani anajua mle ndani mna maumivu kiasi gani.

Mdogo wake aliokota spana iliyokuwa imelala kwenye vioo, akaikung'uta. Kaza alimwambia aache, lori lile haliendi popote leo, polisi watakuja.

"Askari atalisogeza," alisema. "Au mtu yeyote. Atakuwa na watoto wake nyumbani."

Akachomeka bomba, lile lile, akaanza. Hakuwa na uzito wa kutosha, kwa hiyo alipanda juu ya bomba kwa miguu miwili, akajirusha, akashuka, akahamia nati ya upande wa pili, kwa kukingamanisha, kama alivyofundishwa akiwa na miaka tisa. Kidole chenye kijiti alikiinua kando. Kila alipojirusha alishika ubavu wake wa kushoto na kusubiri kidogo. Nane zilichukua karibu nusu saa. Risasi alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa jicho.

Alipomaliza aliingiza mkono mfukoni mwa Kaza, akatoa chaki. Ilikuwa imevunjika vipande vitatu. Alichukua kirefu, akafuta mistari ya kaka yake kwa mkono wa gauni, akachora yake, na kila mmoja akaushusha mpaka kwenye ringi. Kisha akakaa chini karibu na Kaza, wakatazama geti.

Alikuwa amekaa sikio bovu likimwelekea. Kaza alitaka kusema kitu, akakumbuka. Alijikokota kwa makalio, mbavu zikimchoma, akazunguka akakaa upande wake wa kulia. Akamwambia kwamba askari wakija yeye ndiye atakayeanza kusema. Atawaambia alifungua nati.

"Waambie zote," mdogo wake alisema. "Usipunguze."